Gwendolyn Brooks na Suala la Hadhira: Mshairi Mweusi Anamtungia Nani?

UTANGULIZI

Gwendolyn Brooks hutajwa mara nyingi kwa sababu moja tu: kwamba mwaka 1950 alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kupewa Tuzo ya Pulitzer nchini Marekani. Jambo hilo ni la kweli na la heshima. Walakini, likitazamwa peke yake laweza kutuficha jambo kubwa zaidi katika maisha yake. Miaka 17 baada ya kutuzwa, mshairi huyu, ambaye alikuwa amekwisha kupata kila alichoweza kukitamani mtunzi wa nchi yake, alijiuliza swali ambalo wengi hulikwepa: Ninamtungia nani? Jibu alilolipata lilimfanya aiache kampuni kubwa iliyochapisha vitabu vyake tangu mwanzo, na kuyabadili maisha yake yote ya uandishi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi maisha na kazi za Brooks, kisha kulichunguza swali hilo. Hoja yetu ni kwamba kwa Brooks utambulisho wa mshairi haukukaa katika jina lake, wala katika lugha aliyoirithi, wala katika fani ya tungo zake. Ulikaa katika uhusiano wake na hadhira. Hoja hii yatuhusu sisi tunaojishughulisha na lugha za Kiafrika, kwa kuwa katika miaka ile ile Kiswahili chenyewe kilichukuliwa na baadhi ya Wamarekani Weusi kuwa alama ya asili yao, naye Brooks alikuja Nairobi mwaka 1971 akakutana na lugha hiyo uso kwa uso.

MALEZI NA MTAA

Brooks alizaliwa tarehe 7 Juni, 1917, katika mji wa Topeka, jimbo la Kansas, akalelewa Chicago tangu uchanga wake. Baba yake, David, alitamani kuwa daktari, na kwa muda alisoma katika Chuo Kikuu cha Fisk. Lakini ndoto hiyo haikutimia, akaishia kuwa mfagizi na mtunzaji wa jengo. Mama yake, Keziah, alikuwa mwalimu. Nyumba yao haikuwa na mali, lakini ilikuwa na vitabu. Mama alipogundua kwamba binti yake mdogo ana kipaji cha kutunga, alimtabiria kuwa atakuwa Paul Laurence Dunbar wa kike, akampunguzia kazi za nyumbani ili apate nafasi ya kuandika. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 13 shairi lake la kwanza lilipochapishwa katika jarida la watoto mwaka 1930. Baada ya hapo tungo zake nyingi zilitokea katika Chicago Defender, gazeti la Weusi wa mji huo. Langston Hughes, ambaye Brooks alikutana naye kanisani angali msichana, alizisoma tungo zake akamhimiza asiiache kalamu.

Hapana budi kuueleza mtaa aliokulia, kwa sababu ndio uliokuwa shule yake ya pili. Weusi waliohama kwa wingi kutoka majimbo ya kusini walibanwa katika eneo finyu la upande wa kusini wa Chicago, lililojulikana kwa jina la Bronzeville. Nje ya eneo hilo kulikuwa na mikataba ya nyumba iliyowakataza wenye majengo kuwauzia au kuwapangisha watu Weusi. Ni mwaka 1948 tu ndipo Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba mahakama zisitekeleze mikataba ya namna hiyo. Kwa hiyo nyumba za Bronzeville ziligawanywagawanywa kuwa vyumba vidogo vidogo vya kupanga, na familia kadhaa zikalazimika kutumia msala mmoja. Brooks na mumewe, Henry Blakely, waliooana mwaka 1939, waliishi katika vyumba kama hivyo. Yeye mwenyewe alipata kusema kwamba alihitaji kuchungulia dirishani tu ili apate jambo la kuandika.

KAZI ZA MWANZO

Mwaka 1941 Brooks alijiunga na warsha ya ushairi iliyoendeshwa huko huko upande wa kusini na Inez Cunningham Stark, mwanamke Mzungu aliyekuwa na mali na elimu. Warsha hiyo iliunoa ufundi wake. Mswada wake wa kwanza ulipofika kwa kampuni ya Harper & Brothers mjini New York, wachapishaji walimpelekea Richard Wright ausome. Wright aliusifu sana, ingawa alitilia shaka shairi moja ambamo mwanamke anazungumza na watoto wa mimba alizozitoa. Brooks hakuliondoa. Kitabu kikatoka mwaka 1945 kwa jina la A Street in Bronzeville, na shairi hilo likawa miongoni mwa yale yanayojulikana zaidi kati ya kazi zake zote.

Ama kuhusu fani, jambo linalomvutia mwanafunzi wa ushairi ni jinsi mtunzi huyu alivyozitumia bahari za Kizungu. Mwishoni mwa kitabu hicho upo mfululizo wa soneti kuhusu askari Weusi wa Vita Vikuu vya Pili, waliopigania uhuru wa watu wengine huku wakitengwa katika jeshi lao wenyewe. Soneti hizo zina vina, lakini vina visivyolingana barabara. Sikio hutarajia mlio mmoja likapewa mwingine wa karibu. Kwetu mtunzi wa namna hiyo angeambiwa mara moja kwamba shairi lake ni guni. Brooks alifanya hivyo kwa makusudi. Alieleza kwamba hali ya askari hao haikuwa na ulinganifu, kwa hiyo vina vyao navyo visingeweza kulingana. Hapa twaona kwamba kasoro ya fani imegeuzwa kuwa sehemu ya maudhui.

Kitabu chake cha pili, Annie Allen, kilitoka mwaka 1949. Kinamfuata msichana Mweusi tangu utoto hata utu uzima. Utungo mrefu uliomo ndani yake uliitwa “The Anniad”, jina linalokumbusha tenzi za kishujaa za Wayunani na Warumi. Ila shujaa wake si jemadari bali ni binti wa mtaani, na vita vyake ni mapenzi, ndoa na upweke. Hiki ndicho kitabu kilichopewa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Brooks alipenda kusimulia kwamba habari za ushindi zilipomfikia, nyumba ilikuwa gizani kwa kuwa umeme ulikuwa umekatwa kwa ajili ya deni.

Mwaka 1953 alitoa riwaya fupi, Maud Martha, na mwaka 1960 mkusanyo wa The Bean Eaters. Katika mkusanyo huo mna shairi linalohusu kuuawa kwa Emmett Till, kijana wa Chicago mwenye umri wa miaka 14 aliyeuawa na Wazungu huko Mississippi mwezi wa Agosti, 1955. Inafaa tuangalie ni nafsi ya nani inayobeba shairi hilo. Sehemu kubwa yake inapita katika mawazo ya mwanamke Mzungu ambaye kwa ajili yake kijana huyo aliuawa. Mshairi anaingia katika moyo wa mwanamke huyo na kumwonyesha akianza kumchukia mumewe. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Hata hivyo, msomaji anaweza kuuliza: dhamiri inayoamshwa hapa ni ya nani? Shairi lamhusu mtoto Mweusi, lakini mlango linaoubisha, kwa kiasi kikubwa, ni wa Mzungu.

NENO “SISI” NA TATIZO LA TAFSIRI

Katika mkusanyo huo huo limo shairi fupi kuliko mengine yake mashuhuri, “We Real Cool”, lililotokea kwanza katika jarida la Poetry mwaka 1959. Wasemaji ni vijana saba walioacha shule na kushinda mahali pa kuchezea puli. Shairi zima ni la mistari minane tu. Upekee wake umo katika kiwakilishi cha nafsi ya kwanza wingi: badala ya kukaa mwanzoni mwa mstari pamoja na kitenzi chake, kiwakilishi hicho kinaning'inia mwishoni, na kitenzi kinafuata katika mstari wa chini. Brooks alifafanua kwamba neno hilo yapasa lisemwe kwa sauti ya chini, kwa sababu vijana hao hawana hakika na nafsi zao.

Mfasiri wa Kiswahili atakwama hapa. Katika lugha yetu kiambishi cha nafsi, tu-, hakitenganiki na kitenzi. Hakiwezi kuachwa peke yake ukingoni mwa mstari. Akitaka neno lililo huru, itambidi atumie “sisi”. Lakini “sisi”, likitajwa pamoja na kitenzi ambacho tayari kimebeba tu-, huwa na mkazo: sisi, wala si wengine. Kwa hiyo neno ambalo mtunzi alitaka linong'onwe litatamkwa kwa kujigamba, na maana ya shairi itapinduka. Mkazo huo wa Kiswahili unatuonyesha kwa uwazi kitu ambacho vijana wale walikikosa. Hawakuwa na “sisi” ya kuitamka kwa sauti kubwa. Yaweza kusemwa kwamba kazi ya Brooks baada ya mwaka 1967 ilikuwa kuitafuta “sisi” hiyo.

MWAKA 1967

Mwaka 1967 Brooks alialikwa kwenye mkutano wa waandishi Weusi katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, chuo kile kile alichosomea baba yake. Alifika akitoka Dakota Kusini, ambako wasikilizaji Wazungu walikuwa wamemshangilia. Nashville mambo yalikuwa mengine. Alikuta vijana, miongoni mwao Amiri Baraka, ambao walimheshimu bila kumchangamkia. Vijana hao walishikilia kwamba mshairi Mweusi hana budi kuandika akiwa Mweusi, kuandika juu ya Weusi, na kuwaandikia Weusi.

Tukiyapima masharti hayo matatu, tutaona kwamba mawili ya kwanza Brooks alikuwa akiyatimiza tangu mwaka 1945. Hakuna aliyewajua watu wa Bronzeville kuliko yeye. Sharti la tatu ndilo lililomgusa. Vitabu vyake vilichapishwa New York, vikahakikiwa na Wazungu, vikanunuliwa hasa na Wazungu. Watu aliowaandika hawakuwa watu waliomsoma. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wahakiki wanaoyakata maisha yake vipande viwili, kana kwamba alikuwa Mzungu wa moyoni kabla ya mwaka 1967 na Mweusi baada yake. Habari alizoziandika zilikuwa zile zile. Aliyeambiwa ndiye aliyebadilika.

Aliporudi Chicago alianzisha warsha ya uandishi kwa vijana wa kundi la mitaani la Blackstone Rangers, na baadaye akawakaribisha washairi vijana nyumbani kwake. Pamoja nao alisoma mashairi katika baa za upande wa kusini, mbele ya watu ambao hawakuja kusikiliza mashairi. Mwaka 1968 alichapisha In the Mecca. Mecca lilikuwa jengo kubwa la vyumba vya kupanga lililojengwa mwaka 1892 na kubomolewa mwaka 1952, ambamo Brooks alipata kufanya kazi katika ujana wake. Utungo mkuu wa kitabu hicho unamfuata mama mmoja anayemtafuta binti yake mdogo, Pepita, mlango kwa mlango. Kila jirani ana shida zake, na hakuna aliyemwona mtoto. Mwishowe anapatikana akiwa maiti chini ya kitanda cha mpangaji mmoja. Jengo zima linakuwa ushahidi wa watu waliokaa pamoja pasipo kuwa “sisi”.

Mwaka huo huo aliteuliwa kuwa malenga rasmi wa jimbo la Illinois, kuchukua nafasi ya Carl Sandburg aliyefariki mwaka 1967. Cheo hicho hakukifanya pambo. Alianzisha mashindano ya ushairi kwa watoto wa shule, na zawadi alizitoa mfukoni mwake.

GHARAMA YA UAMUZI

Baada ya Martin Luther King kuuawa tarehe 4 Aprili, 1968, ghasia zilizuka Chicago na miji mingine mingi. Brooks alitunga Riot, na mwaka 1969 akakipeleka kitabu hicho kwa Broadside Press, shirika dogo la mjini Detroit lililoanzishwa mwaka 1965 na Dudley Randall, mshairi aliyekuwa pia mkutubi. Shirika hilo lilianza kwa kuchapisha shairi moja moja katika karatasi ya bei nafuu. Family Pictures (1970) na tawasifu yake, Report from Part One (1972), vilitoka huko pia. Kampuni ya Harper ilitoa mkusanyo wa kazi zake za zamani mwaka 1971, na huo ukawa mwisho wa uhusiano wao.

Pamoja na kuhama huko, fani yake nayo ilibadilika. Aliziacha soneti akishika mashairi huru, kwa maelezo kwamba zama zenyewe zilikuwa zimechakaa na kukwaruzika, wala hazikustahili soneti. Msomaji atakumbuka mjadala wetu wenyewe juu ya vina na mizani, uliopamba moto baada ya kutokea kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974. Ila kuna tofauti. Sisi tulibishana zaidi juu ya umbo: je, utungo usio na vina ni shairi? Brooks alianza na msikilizaji, kisha akauliza ni umbo gani litakalomfikia. Huenda mjadala wetu ungezaa matunda mengi zaidi kama nao ungeanzia hapo.

Uamuzi huo ulikuwa na hasara zake, wala si haki kuzificha. Mashirika madogo hayakuwa na uwezo wa kusambaza vitabu katika maduka ya nchi nzima. Wahakiki wa magazeti makubwa walipunguza kumtazama. Katikati ya miaka ya 1970 Broadside Press yenyewe ilipatwa na matatizo makubwa ya fedha. Ikawa mshairi aliyehama ili awafikie watu wake alionekana kwa nadra madukani. Tena kuna suala la lugha. Brooks alitaka mtindo ambao mtu wa baa angeuelewa bila ushairi wenyewe kuwa maneno ya mkutano wa hadhara, naye alikiri kwamba alikuwa bado akiutafuta. Tungo zake nyingi za baadaye ni ngumu vile vile kama za mwanzo. Hata hivyo hakurudi alikotoka. Alichapisha kwa Third World Press ya Chicago, na hatimaye akaanzisha uchapishaji wake mwenyewe.

NAIROBI, 1971

Miaka hiyo Kiswahili kilikuwa kimepata makao mapya nchini Marekani. Mwaka 1966 Maulana Karenga alikuwa ameanzisha sikukuu ya Kwanzaa, pamoja na Nguzo Saba zake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Miongoni mwa vijana wa warsha ya Brooks, Don L. Lee alikuja kujiita Haki Madhubuti, naye Jewel Latimore akawa Johari Amini, jina ambalo sehemu yake ya kwanza ni tafsiri ya lile la zamani. Mwanaisimu anaweza kutabasamu akiona “a” ya ziada katika Kwanzaa, au kitenzi-jina “kujichagulia” kikibeba mzigo wa falsafa ya siasa. Anaweza pia kukumbusha kwamba mababu wa wengi wa watu hao walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, wala hawakukijua Kiswahili. Lakini hayo hayakuwa makosa ya kutojua historia. Watu walionyang'anywa lugha zao hawawezi kuambiwa warudi kwenye lugha ambazo hawakuachiwa hata majina yake. Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Katika historia ya watu hawa methali hiyo imepinduliwa, kwani utumwa ndio uliowaachisha asili. Walichagua lugha ya Kiafrika isiyokuwa ya kabila moja, wakaifanya yao kwa hiari.

Brooks mwenyewe hakubadili jina. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1971, akafika Kenya na Tanzania, na katika tawasifu yake akaandika juu ya safari hiyo. Alieleza furaha ya kujiona kati ya watu Weusi kila upande, na huzuni ya kutambua kwamba hao nao walimwona kuwa mgeni. Sura yake ilimfungulia mlango. Ulimi wake ukamfungia. Wenyeji walijiita Waafrika, naye na wenzake wakawaita Wamarekani wenye asili ya Afrika, hali yeye alitumaini kuitwa ndugu. Kwetu, waliokuwa na lugha, jambo hilo lilikuwa la kawaida tu: mgeni ni mgeni. Kwake lilikuwa kipimo cha kile kilichopotea.

HITIMISHO

Safari hiyo yatusaidia kuelewa msimamo alioushika hata mwisho wa maisha yake. Wakati wengi walipolipokea jina la Wamarekani wenye asili ya Afrika, Brooks alilikataa, na katika sehemu ya pili ya tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1996, alitetea neno Weusi. Aliliona kuwa pana kama paa la ukoo: linamfunika mtu wa Chicago, wa Brazil, wa Ghana, na wa popote pengine. Mkusanyo mkubwa wa kazi zake, aliouchapisha mwenyewe mwaka 1987, aliupa jina hilo hilo, Blacks.

Sarufi ya Kiswahili inaweza kutufafanulia msimamo huo. Tunaposema “Mmarekani Mweusi”, nomino ni Mmarekani, na weusi ni sifa tu inayoifuata. Tukisema “Mwafrika wa Marekani”, nomino ni Mwafrika, na Marekani ni mahali alipo. Brooks hakutaka mojawapo. Alitaka kivumishi kisimame peke yake kiwe nomino, nayo ngeli ya M-WA yaruhusu jambo hilo bila taabu: Mweusi, Weusi. Ni neno lisilotaja nchi wala lugha, kwa hiyo linampokea hata yule aliyepokonywa vyote viwili.

Katika miaka yake ya mwisho heshima zilimrudia. Mwaka 1985 aliteuliwa kuwa mshauri wa ushairi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, na kuanzia mwaka 1990 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha Chicago. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ile ile: kwenda shuleni na magerezani, kusoma mashairi na kuwasikiliza wengine wakisoma yao. Alifariki nyumbani kwake Chicago tarehe 3 Desemba, 2000, akiwa na umri wa miaka 83.

Sisi tunaofundisha fasihi za Kiafrika tumezoea kumwuliza mwandishi: umeandika kwa lugha gani? Swali hilo ni la haki, nalo halina budi kuendelea kuulizwa. Maisha ya Brooks yanatukumbusha kuuliza na la pili, kwa kuwa yawezekana mtu akaandika kwa lugha ya mama yake huku uso wake umeelekea kwa wageni, na mwingine, asiye na lugha ila ile ya waliowatumikisha mababu zake, akaigeuza mpaka ikawaelekea watu wake. Brooks alikuwa huyo wa pili, na aliigeuza akiwa na umri wa miaka 50, wakati ambapo hakuna aliyemlazimisha.